Nani Kasema Hatusomi?

Kila mwaka ikifika Siku ya Vitabu Duniani, mwezi Aprili, utamsikia mzee mmoja mwenye miwani akisimama jukwaani na kulia kwamba vijana wa leo hawasomi. Ukumbi unapiga makofi. Kesho yake gazeti linaandika kwa herufi kubwa kwamba vijana hawasomi, na kwa kuwa gazeti lenyewe vijana hawalinunui, mzee na mhariri wanabaki kusomana wao kwa wao. Mimi ni kijana. Nimemaliza kidato cha nne, nakaa Kyela, naandika riwaya yangu ya kwanza, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba huo ni uongo. Tunasoma tukiamka, tunasoma kwenye foleni ya mashine ya kukoboa mpunga, tunasoma usiku chini ya chandarua mpaka chaji inakata. Ila tunachosoma hakitoki kwenu, ndugu wachapishaji na wahariri, ndiyo maana hamtuoni.

Ushahidi ninao. Mchana nafanya kazi ya uwakala wa pesa za simu, kibanda kiko karibu na stendi ya Kyela mjini. Mwandishi anayetaka kujua watu wanapenda nini asiwaulize, maana watamdanganya kwa adabu. Atazame wanalipia nini. Jioni moja alikuja kijana wa bodaboda, pikipiki hata hakuizima.

"Dada, niwekee buku fasta, kuna mtu namrushia."

"Matapeli wengi siku hizi, kaka. Unamjua huyo mtu?"

"Simjui, lakini si tapeli. Ni mwandishi. Nalipia sehemu ya 41 mpaka ya 50. Jana kaniachia yule binti kafungiwa stoo, nyumba inaanza kuungua, eti itaendelea! Nimelala macho wazi."

Shilingi elfu moja kwa sehemu kumi. Kijana huyo, ambaye kwa hesabu ya yule mzee wa miwani hasomi, alikuwa ameshasoma sehemu arobaini. Nilimwuliza zinakuwa na urefu gani, akanionyesha. Kwa kukadiria, alichokwisha kusoma kinatosha kitabu cha kurasa mia mbili. Na hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Wanakuja wauza usipa, wanakuja dada wa saluni, wanakuja walimu wa shule za msingi ambao wangeona aibu kukiri. Hadithi zinatoka kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook: sehemu za mwanzo bure, utamu ukikolea unatakiwa kulipa. Hakuna duka, hakuna mhariri, hakuna lori. Kuna mwandishi, simu na namba ya kupokelea pesa.

Sasa linganisha na kitabu. Riwaya mpya ya karatasi mjini Dar es Salaam inauzwa shilingi elfu kumi, pengine elfu kumi na tano. Haya, tuseme ninazo. Nitainunua wapi? Hapa Kyela maduka tunayoyaita ya vitabu yanauza madaftari, kalamu, vitabu vya shule na kadi za harusi. Niende Mbeya mjini, ni zaidi ya kilomita 100, nipande Tukuyu na ukungu wake, nilipe nauli ya kwenda na kurudi. Na mimi niko mjini. Huyo aliyeko Matema, au Ikombe wanakofinyanga vyungu vya Wakisi, ambako barabara ikichoka mtumbwi ndio unaendelea, yeye afanyeje? Asubiri meli? Meli ya MV Mbeya II inapita huko ikielekea Mbamba Bay, ina abiria na mchele na soda. Sijapata kusikia imeshusha riwaya.

Nasema hayo nikiwa na kidonda changu. Mchapishaji mmoja nilimpelekea mswada wangu. Alikaa nao miezi kumi na minne. Alipojibu, aliandika kwamba hadithi ni nzuri, inavutia, hasa sehemu za ziwani, lakini soko la riwaya halipo, hivyo labda mimi nichangie gharama za kupiga chapa nakala 1,000. Nichangie kwa lipi? Kwa kamisheni ya kibanda? Na nikichangia, nakala zitakaa wapi kama si chini ya kitanda changu? Soko halipo, anasema, na mimi kila jioni nalihesabia pesa soko hilohilo.

Hapa ndipo penye ugomvi wangu nao. Wachapishaji wetu wanaamini kazi yao ni karatasi. Karatasi ikipanda bei wanaugua, karatasi ikikosa mnunuzi wanakata tamaa. Lakini karatasi ni chombo tu, kama mtumbwi. Mvuvi wa mbasa akiona samaki wamehamia upande wa pili wa ghuba, hakai ufukweni kulaumu samaki. Kazi ya mchapishaji ni kuchagua mswada mmoja kati ya mia, kuusafisha, kuupa sura, kuutafutia wasomaji, kukusanya pesa na kumpa mwandishi haki yake. Katika hayo yote, ni lipi linalohitaji lori?

Tena wazee wetu walilijua jambo hili kabla hatujazaliwa. Watu husahau kwamba riwaya za mitaani za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na shida hizihizi. Wachapishaji wakubwa walitaka vitabu vya shule na fasihi ya heshima. Elvis Musiba, aliyetupa Willy Gamba, akaanzisha kampuni yake, Continental Publishers. Ben Mtobwa, baba wa Joram Kiango, akaanzisha Heko Publishers. Vitabu vilikuwa vyembamba, vinaingia mfuko wa nyuma wa suruali, karatasi yenyewe mara nyingine ya kubahatisha kwa sababu miaka ile kila kitu kilikuwa adimu. Viliuzwa ambako watu walikuwa wanapita. Wasomi wa chuo kikuu walikunja pua. Kajubi Mukajanga naye alikuwa kwenye kundi hilo la waandishi wa mitaani, na baadaye akaja kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Habari Tanzania. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba hadithi ya mtaani na uandishi wa habari ulio makini haviwezi kukaa nyumba moja.

Na hiyo "itaendelea" mnayoidharau, hamkuikuta kwenye simu. Jarida la Sani lilituzoesha kumsubiri Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Magazeti ya Eric Shigongo yalipoanza kutoa hadithi za mfululizo, watu walikuwa wanafungulia gazeti ukurasa wa hadithi kwanza, habari baadaye. Hata huko Uingereza, Charles Dickens alianza The Pickwick Papers mwaka 1836 kwa vijitabu vya kila mwezi, shilingi moja ya kwao kila kimoja, kitabu kizima kikaja baadaye. Leo anafundishwa kama mtakatifu. Angekuwa hai angekuwa na kundi la WhatsApp, na bila shaka angetuachia binti ndani ya stoo.

Kwa nini basi wachapishaji wetu walilala? Jibu langu ni kwamba walikuwa wamelishwa. Mwaka 1991 serikali ilianza kuwafungulia wachapishaji binafsi biashara ya vitabu vya shule. Ni jambo jema, lakini likazaa uvivu: ukipata kitabu kimoja cha darasa la tano umekula mwaka mzima, riwaya ya nini? Mwaka 2014 serikali ikarudisha kazi ya vitabu vya kiada kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Mnazi ukaanguka, na waliokuwa chini yake hawakuwa wamepanda kitu kingine. Wapo waliojitahidi, sikatai. Mkuki na Nyota ya Walter Bgoya, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1991, imeendelea kutoa riwaya, zikiwemo zilizoshinda ile tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, siku hizi Safal-Cornell. Na tangu mwaka 2023 ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere, mshindi wa kwanza anaondoka na shilingi milioni 10. Tuzo ni njema. Lakini kwa mwaka wanashinda wangapi? Sisi wengine tule nini tukisubiri Aprili? Mwandishi hawezi kuishi kwa bahati nasibu.

Nije kwa magazeti. Huko hali ni mbaya zaidi maana riwaya ikichelewa haiozi.

Gazeti linafika Kyela kwa basi. Likifika, habari zake tumekwisha kuzisoma, kuzibishania na kuzisahau. Kurasa za mbele zimepigwa picha alfajiri na kusambazwa kwenye simu, redio zimekwisha kuzisoma kabla hatujanywa chai. Mwaka 2017 aliyekuwa mbunge wetu hapa Kyela, Dk. Harrison Mwakyembe, akiwa Waziri wa Habari, aliagiza redio na televisheni zisome vichwa vya habari tu, zisiingie ndani, ili watu wanunue gazeti. Nia ilikuwa kuyalinda magazeti. Mwaka uliofuata, 2018, zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, naye ndiye waziri aliyezitia saini: anayetaka kuweka habari mtandaoni alipie leseni, na ukijumlisha ada zote ilikuwa zaidi ya shilingi milioni 2. Ada hizo baadaye zilipunguzwa. Lakini nieleze, kwa mwaka ule, kijana wa Ipinda anayetaka kuandika habari za Ipinda angetoa wapi milioni 2? Jimbo lake mwenyewe, mheshimiwa! Huwezi kuokoa gazeti kwa kuziba masikio ya wasikilizaji na kuwatoza vijana kiingilio.

Wahariri walifanyaje? Wengi walichukua gazeti lilelile, wakaliweka kwenye tovuti vilevile, wakaita mageuzi. Waliochangamka zaidi wakakimbilia vichwa vya habari vya kutega: "Utashangaa alichofanya mke wa msanii huyu." Nimefungua, sikushangaa. Bando langu limekwenda. Hiyo si kuhamia mtandaoni, huko ni kuhamia uswahilini na kuanza kusengenya ili majirani wakupende.

Kitu ambacho gazeti linaweza kuuza, na ambacho umbea hauwezi kukitoa, ni habari ya kweli inayomhusu mtu alipo. Chukua kakao. Huku kwetu kakao ndiyo ada ya shule, ndiyo bati. Inauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unakwenda mnadani. Desemba 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilipita dola 12,000 kwa tani, haijapata kutokea. Mkulima wa Ipinda alijuaje? Kwa sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana, ikarushwa kundi hadi kundi: mmoja anasema bei inapanda ficheni mzigo, mwingine anasema inaporomoka uzeni leo. Kuna walioamini huyu na walioamini yule, na tofauti kati yao ni nyumba. Gazeti gani lilikuwa na mtu hapa, siku ya mnada, wa kutuma bei, makato na sababu kwa maneno mafupi kwenye simu? Ningelipia. Si mimi peke yangu, kijijini kizima wangelipia, shilingi mia mia, kila mnada.

Au rudi mwaka 2012, ule mgogoro wa mpaka wa ziwa kati yetu na Malawi. Wao walikuwa wametoa kibali cha kutafuta mafuta, wakishikilia kwamba kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 maji yote ni yao mpaka ufukweni kwetu. Sisi tukasema mpaka uko katikati. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nakumbuka watu wazima walivyokuwa wanasimama vikundi vikundi wakiongea kwa sauti ya chini. Vita inakuja, haiji, wavuvi wasiende, waende. Habari kubwa kama ile iliandikwa Dar na Lilongwe, na watu wanaochota maji ya ziwa hilo wakawa wa mwisho kuisoma. Sisi Kyela tunaingia gazetini tukifurika au tukipinduka. Mto Songwe ukihama kitanda, tupo. Basi likiacha njia, tupo. Siku nyingine zote hatujazaliwa. Mwandishi wa wilayani analipwa kwa habari iliyotoka, tena kidogo, tena kwa kuchelewa. Nani atafuatilia mnada wa kakao kwa nauli yake mwenyewe?

Najua watakaonijibu. Watasema: binti, huo mtandao unaousifia unazimwa. Ni kweli, na silifichi. Oktoba 2024 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilisimamisha leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa siku 30 kwa sababu ya katuni moja ya video. Septemba 2025 JamiiForums ikasimamishwa siku 90. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatika nchi nzima, ikachukua siku kadhaa kurudi. Kibanda changu kilikuwa kimya kama kaburi, na waandishi wote wa simu, pamoja na hadithi zao na pesa zao, walifutika siku hizo kama hawakuwahi kuwepo. Kwa hiyo mimi si mmoja wa wale wanaotaka mashine za kuchapa zikauzwe chuma chakavu. Kitabu kilichokwisha kuchapwa hakuna mtu anayekizima kwa kubonyeza. Nakala ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, kitabu cha mwaka 1971 kilichopigwa marufuku shuleni, niliisoma ikiwa haina jalada wala kurasa nne za mwisho, na ilinifikia kwa mikono ya watu nisiowajua. Karatasi na ibaki. Ila ije mwisho wa safari, kwa hadithi iliyokwisha kupata wasomaji wake kwenye simu, badala ya kuwa lango ambalo mwandishi anakaa nje miezi kumi na minne.

Na sisi waandishi wa simu tusijione malaika. Kazi zetu nyingi ni chafu. Jina la mhusika linabadilika sehemu ya 12, marehemu anafufuka sehemu ya 30, nukta hakuna, herufi kubwa zinanyunyizwa kama chumvi. Kila tajiri anakaa Masaki, kila binti ni mrembo wa kupindukia, na Kyela yenyewe haimo, hata kwa waandishi wa Kyela! Tunaibiana mchana kweupe: unatunga usiku, asubuhi mtu amefuta jina lako na kuweka namba yake. Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu mwaka 1999, COSOTA tunayo, lakini mwizi wa WhatsApp utamshitaki kwa jina gani? Haya yote ni mapengo, na ndiyo mapengo hasa ambayo mchapishaji mwenye akili angeyajaza. Yeye ana wahariri. Yeye ana mwanasheria. Yeye anaweza kukaa meza moja na makampuni ya simu, msomaji akatwe shilingi mia kwa sehemu bila makato ya kutuma yanayokula nusu ya pesa. Wanamuziki walishafika huko na miito ya simu, wakalia kuhusu mgawo, basi tujifunze kwa kilio chao na tudai mgawo ulioandikwa kabla ya kuanza. Mimi peke yangu nikiipigia kampuni ya simu nitaambiwa bonyeza moja, bonyeza mbili.

Kwa hiyo wachapishaji wachague. Mswada ujibiwe ndani ya miezi mitatu, ndiyo au hapana. Anayependeza atolewe kwa sehemu kwenye simu, asafishwe na mhariri anayelipwa, mwandishi aone kila mwezi ni wangapi wamesoma na ni kiasi gani kimeingia, kwa tarakimu. Akifikisha wasomaji wa kutosha, ndipo apigwe chapa, na nakala ziende ambako wasomaji hao wako, hata kama ni Lyulilo siku ya gulio. Na magazeti yamweke mtu mmoja wa mshahara katika kila wilaya kabla ya kununua kamera nyingine ya studio ya Dar.

Wakikataa, hatutawasubiri. Mimi mswada wangu nimeuomba urudi. Unahusu wanawake wawili wa Mwaya na mtumbwi mmoja, nimeukata sehemu 64, na hamsini nimekwisha kuzisahihisha mwenyewe kwa taa ya simu. Sehemu nane za mwanzo zitatoka bure, zilizobaki shilingi mia kila moja. Ninachokosa ni mhariri. Awe anajua Kiswahili kizuri, asiogope maneno ya Kinyakyusa mawili matatu, na awe tayari kuniambia kwamba sehemu ya 17 ni mbaya, kwa sababu nahisi ni mbaya na sijui kwa nini. Tutagawana theluthi moja yake, mbili zangu, na kila Jumamosi jioni nafunga hesabu kibandani, anaweza kuja kuhesabu na mimi.